Mtutu Uliogeuzwa Taa

Mume wangu Isaburo hajui kusema uongo, na watu ambao hawajawahi kuishi naye hudhani hiyo ni sifa. Mimi nimeishi naye tangu nilipoletwa Kamisaka nikiwa bi harusi, na nawaambia ni ugonjwa. Aliurithi kwa baba yake. Na baba yake ndiye aliyeitoa ile bunduki.

Habari hiyo hapa kijijini kila mtu anaijua. Vita vilipokwisha na Wamarekani walipoingia Japani, polisi walipita wakitangaza kwamba silaha zote zipelekwe kituoni: panga, mikuki, magobore ya mababu, kila kitu. Kamisaka ilikuwa kijiji cha wafua bunduki tangu enzi za mabwana wa vita, na kila nyumba ilikuwa na gobore lake la utambi, linalowashwa kwa kamba ya pamba yenye moto. Watu wakayazika. Mengine yaliingia chini ya mashamba ya mpunga, mengine chini ya vyoo, mengine ndani ya kisima cha hekalu. Baba mkwe wangu peke yake ndiye aliyelisikia tangazo akalitii. Na nyumba yetu, ya Nishiwaki, ndiyo iliyokuwa ikitunza gobore la kwanza, lile linalolipuliwa kabla ya mengine yote kwenye sikukuu ya mavuno ili miungu ijue kwamba watu wamefika. Aliuvua mtutu, akaufunga kwa kitambaa safi, akaupeleka, akainama mbele ya polisi, akarudi nyumbani kula. Kitako cha mbao alikiacha darini kwa sababu tangazo halikutaja mbao. Mtambo wa shaba ulikuwa umekwenda zaidi ya mwaka kabla ya hapo, ulichangwa kwa ajili ya vita pamoja na kengele ya hekalu.

Tangu hapo wanaume wa Nishiwaki hawakubeba bunduki tena. Hakuna aliyewakataza kwa mdomo. Hapa kwetu mambo kama hayo hayasemwi. Magobore ya wenzao yalifukuliwa sheria zilipolegea, yakasafishwa, yakasajiliwa kiungwana, na kila mwaka wenye nayo hujipanga wamevaa deraya za mababu zao. Mwanaume wa Nishiwaki huja nyuma yao wote, akizoa vipande vya karatasi vinavyotoka kwenye baruti. Baba mkwe alizoa mpaka akafa. Isaburo akachukua zamu.

Alipopigwa picha ya mapafu na daktari akatutaka tukae chini sote wawili kabla hajasema neno, Isaburo aliniambia njiani kwamba hataki kwenda kuona bahari ya kusini wala hataki chochote. Anataka kutembea mbele kwenye sikukuu mara moja, akiwa na gobore la nyumba yake. Nilimwambia ana wazimu. Kisha nikampigia simu Chisato.

Chisato ni mtoto wa marehemu dada yake, anafanya kazi ofisi ya usafiri mjini Kyoto na Kiingereza anakijua. Alitafuta kwenye mtandao kwa muda mrefu, kwenye minada na kwenye vikundi vya wale wazee wa nchi za nje wanaokusanya vipande vya bunduki za kale kama wengine wanavyokusanya stempu. Jumapili moja akaja nyumbani na simu yake mkononi.

"Mjomba, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Ni taa."

"Taa gani?"

"Wameufanya taa. Uko Marekani, jimbo la Ohio. Wamepitisha waya ndani yake, na juu wameweka kofia ya kitambaa yenye maua."

Isaburo aliichukua simu na kuisogeza karibu na pua. Kwenye mtutu kulikuwa na korongo wa shaba waliopachikwa, wakiruka kufuatana, na wa mwisho hakuwa na kichwa. Kichwa hicho kiling'olewa na babu yake alipokuwa mtoto, akachapwa kwa ajili yake, na kila mtoto wa nyumba hiyo alisimuliwa. Mume wangu aliirudisha simu, akatoka uani, akasimama huko akikohoa kwa kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi wa jirani. Basi nilikosea, kumbe uongo mdogo mdogo anauweza.

Mwenye taa alikuwa bibi mmoja aitwaye Darlene. Baba yake alikuwa askari huku kwetu, akaokota mtutu kwenye lundo. Kabla ya kuupeleka kwao aliukata ubavuni kijiko cha kuwekea baruti ya kuwashia na kuliziba kwa chuma tundu linalopitisha moto ndani, ili asije mtu akajilipua nao. Bibi Darlene alisema tuuchukue bure, na akauliza kama tungependa na ile kofia yenye maua. Mimi ningeikubali. Isaburo alimwambia Chisato amshukuru sana na amwambie hapana.

Hapo ndipo tulipojua kwamba kupewa kitu si kukipata. Posta ya kule iliposikia neno bunduki ilikataa. Kampuni za vifurushi zikakataa moja baada ya nyingine, moja ikamfungia Bibi Darlene asitumie huduma zao tena, maskini wa watu, hata kumtumia mjukuu soksi. Chisato akachoka.

"Mjomba, tuandike sehemu ya taa. Uende kama taa, ufike kama taa. Wala si uongo, ni taa kweli, tena ina waya."

"Si taa."

"Kwenye karatasi tu."

"Chisato," alisema, "ule mtutu ulitoka kwetu kwa jina lake. Utarudi kwa jina lake."

Nilitamani nimpige na mwiko. Lakini ndivyo ilivyoandikwa: mtutu wa gobore la kale, sehemu ya bunduki, nchi ulikotengenezwa Japani. Serikali ya kule ikataka kibali chake, forodha ya huku ikataka maelezo yake, na mwishowe wakala mmoja anayesafirisha mali za makumbusho akakubali kuupakia melini. Meli yenyewe ilizunguka kama mtu asiyetaka kufika kwao. Isaburo alikuwa akimuuliza Chisato kila jioni imefika wapi, na mimi nilikuwa nikihesabu kimyakimya vijiko vya wali anavyoacha kwenye bakuli.

Akaamua kuutumia muda huo kufanya kazi. Kile kitako kilichobaki darini kilikuwa kimeliwa na wadudu, ukikibonyeza kinatoa unga. Isaburo ni seremala wa milango na madirisha, mikono yake bado ni mizuri hata kama kifua kimeharibika. Alikipima kile cha zamani kwa vijiti vya mwanzi, akatafuta mti wa mwaloni uliokauka vizuri, akachonga kitako kipya chenye mfereji uleule na matundu yaleyale ya misumari ya mwanzi. Alikuwa akifanya kazi kidogo, analala, anaamka, anafanya kidogo. Nilipenda kumsikiliza, kwa sababu randa ikilia ujue mtu bado anapumua.

Kilipokamilika akakifunga kile cha zamani kwa kitambaa cheupe na kukipeleka hekaluni kuagwa. Sisi ndivyo tulivyo. Sindano iliyovunjika, mwanasesere aliyezeeka, brashi iliyoisha, havitupwi jalalani kama maganda. Vinashukuriwa, vinasomewa, vinachomwa. Kitu kilichomngoja mwenzake miaka yote hiyo darini, kikafa kikimngoja, ungekitupa wapi? Mtawa Jikai alisoma, sisi wawili tukapiga magoti, kikaungua pamoja na wanasesere wa majirani zetu, kina Okubo. Isaburo alilia waziwazi. Mimi pia nililia, nikaona tumefanya jambo la heshima kabisa.

Meli ikafika Kobe, na mtutu ukakamatwa.

Chisato aliongea na ofisa wa huko kwa simu jikoni kwangu, nami nikasimama nimeshika kisu na figili. Alikuwa akiitikia tu, ndiyo, ndiyo, na rangi ikimtoka usoni. Alipokata simu alivuta kiti.

"Shangazi, mjomba amelala?"

"Amelala. Sema."

"Wanasema kinachoruhusiwa ni gobore la utambi la zamani tu, likishakaguliwa na wataalamu wa mkoa. Huu hauna kijiko cha baruti, hauna tundu, haujulikani ulikuwa nini. Kwao ni bomba la bunduki tu. Kuna siku wataalamu watakaa wauangalie. Wakiukataa, unakatwa vipande."

"Urudi basi Ohio."

"Bibi Darlene ameshahamia nyumba ya wazee, na yule wakala amesema hagusi tena. Lakini ofisa alikuwa mwema. Amesema kuna kitu kimoja kinaweza kuuokoa. Kama tunacho kitako chake cha asili, cha zamani, chenye matundu yanayolingana na mtutu na mbao iliyoungua pale penye tundu la moto, wataalamu wataweza kuukubali. Shangazi, kipo?"

Niliweka kisu chini.

"Ulikipiga picha?" nikamuuliza.

"Nilipiga picha kile kipya. Kile cha zamani kilikuwa..." Hakumalizia, lakini nilimwelewa. Nani anapiga picha kuni?

Isaburo alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi kitandani akageukia ukutani, na kuanzia siku hiyo bakuli lake la wali lilikuwa likirudi jikoni kama lilivyokwenda.

Kesho yake asubuhi nilichukua chujio langu la maharage ya soya nikaenda hekaluni. Mtawa Jikai ni kijana, hekalu alirithi kwa baba yake, na kwa kawaida utamkuta amelala chini ya pikipiki yake. Nilimwambia nataka majivu.

"Majivu yapi, mama?"

"Ya siku ile tuliyochoma kitako. Labda kuna kipande hakikuungua. Kipande chochote, hata cha kidole."

Alijikuna kichwa. Majivu alikuwa ameyamwaga kwenye bustani ya maua, yanapendwa na mizizi. Tulipiga magoti pale, yeye amejifunga mikono ya joho kwa kamba, mimi na chujio langu, tukaanza kuchuja udongo. Ilinyesha mvua nyepesi. Tulitoa vipande vya mkaa, macho ya kioo ya wanasesere, na kifungo.

"Hiki je?" alikuwa akiuliza.

"Hicho ni sanduku la wanasesere."

"Na hiki?"

"Hicho ni jiwe, Jikai. Wewe umesomea nini?"

Akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikashindwa kuacha na kicheko kikageuka kilio, palepale kwenye matope mbele ya mtawa ambaye nilimbeba mgongoni akiwa na miaka miwili. Alinishika bega kwa mkono uliojaa majivu. Tuliendelea mpaka adhuhuri, hatukupata kitu.

Ilibaki nyumba moja. Yasuhei Tsukamoto ndiye kiongozi wa kikosi cha magobore, na kwake kuna bunduki ambayo wote tunajua ni pacha wa ile ya kwetu: fundi mmoja, mwaka mmoja, korongo walewale ubavuni. Kama wataalamu wangewekewa hizo mbili pamoja mezani, hata kipofu angekubali. Nilienda na chupa ya sake, pombe yetu ya mchele, iliyofungwa vizuri. Alinikaribisha barazani, hakunikaribisha ndani.

"Shemeji, mgonjwa anaendeleaje?"

"Hali chakula. Nimekuja kukuomba."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru. Kisha akaisukuma ile chupa ikarudi upande wangu.

"Unataka nitoe bunduki ya nyumba hii, niipeleke ofisi ya serikali?"

"Kwa siku moja. Ina cheti chake, haina tatizo. Utakuwepo mwenyewe, utaishika mwenyewe."

"Shemeji Tomoe, mimi sina ugomvi na Isaburo. Ni mtu mzuri, mlango huu unaouona alinitengenezea yeye. Lakini bunduki ya Kamisaka ikishaingia ofisi ya serikali hairudi. Kamuulize baba mkwe wako."

"Baba mkwe wangu amekufa, Yasuhei."

"Basi unalijua jibu lake."

Ningemwambia mengi. Nilikuwa nayo mdomoni, kuanzia na babu yake aliyezika gobore chini ya choo halafu akajiita shujaa. Lakini nilikuwa mwombaji, na mwombaji hana ulimi. Nilichukua chupa yangu nikaondoka, na njiani nikanywa kidogo.

Nilichofanya baadaye nilikifanya mchana kweupe, wala sijutii hata leo. Isaburo alikuwa kliniki na Chisato, akitolewa maji kifuani. Nilikichukua kile kitako kipya, nikakipaka chai nzito iliyokaa siku nzima, nikakipaka masizi yaliyosuguliwa kwa mafuta, nikakining'iniza kwenye banda la kukaushia samaki juu ya moto wa mabua. Pale palipotakiwa kuungua nilipaunguza kwa kijiti cha moto, kidogokidogo, nikipuliza. Kona nilizigonga kwa kokoto. Nilikifuta, nikakitazama, nikaona kimezeeka. Nikakifunga kwa kitambaa kipana na kukaza fundo, na asubuhi ya ukaguzi nilikibeba mwenyewe, nikamwambia mume wangu asijichoshe.

Ukumbi wa mkoa ulijaa watu wenye panga zilizofungwa kwa vitambaa, wamekaa kwenye viti kama wanaongoja daktari wa meno. Isaburo alikuwa amevaa suti yake ya mazishi, imempwaya. Alipoitwa jina lake alisimama bila kunishika.

Mtaalamu mkuu alikuwa Dakta Onoe, mtu mfupi mwenye glovu nyeupe na sauti ya upole. Polisi wa Kobe alifungua kasha refu. Nao ulikuwa humo. Nilikuwa nimeuona kwenye simu tu, na sikujua kwamba ungekuwa mzito vile kwa kuutazama. Isaburo alipouona mara ya mwisho alikuwa na miaka saba, baba yake akiufunga kitambaa. Alimuuliza polisi kama anaweza kuugusa, polisi akamtazama Dakta Onoe, Dakta Onoe akaitikia kwa kichwa. Mume wangu aliweka kidole pale ambapo korongo wa mwisho alipaswa kuwa na kichwa, akakiacha hapo.

"Ni kazi nzuri sana," alisema Dakta Onoe. "Nadhani najua hata karakana. Lakini nakshi hupachikwa hata kwenye birika, Bwana Nishiwaki, na tundu la moto halipo. Nimeambiwa mnacho kitako."

Nilifungua fundo.

Isaburo alikiona. Kwanza hakuelewa, kisha alielewa, nikaona anavyoielewa kila hatua, chai, masizi, moto wa mabua. Hakunitazama. Dakta Onoe aliuinua mtutu kwa mikono miwili na kuulaza kwenye mfereji wa mbao, ukaingia taratibu na kukaa, matundu yakakutana sawasawa kana kwamba hayajawahi kuachana. Wataalamu wengine wawili walisimama kuja kutazama. Mmoja alisema aa, kwa sauti ya chini.

Dakta Onoe aliinama, akakinusa kitako. Akapitisha kidole pale palipoungua.

"Hiki ndicho kitako cha asili?" aliuliza, na alimuuliza mume wangu.

"Ndicho," nilisema mimi haraka. "Kilikuwa darini. Nimekikuta nilipoolewa, nimekuwa nikikifuta vumbi kila mwaka mpya."

"Bwana Nishiwaki?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa nguvu zangu zote, mtu mgonjwa, mume wangu.

"Nimekichonga mimi mwaka huu," Isaburo alisema. "Cha zamani tulikiaga hekaluni, kiliungua. Hiki nimekichonga kwa vipimo vyake. Mke wangu amesema hivyo kwa ajili yangu. Tafadhali msimlaumu."

Kisha akainama, kichwa kikafika mezani, na akabaki hivyo.

Dakta Onoe alivua glovu zake pole pole. "Sikusikia vizuri alichosema mama," alisema. "Masikio yangu si mazuri." Alikaa chini, akatutazama kama mtu anayetaka kuomba radhi na hajui kwa lipi. "Bwana Nishiwaki, mimi nakuamini. Naamini huu ni mtutu wa kwenu. Lakini siwezi kusajili ninachokiamini. Kama ningekuwa na kipande kimoja tu cha kile cha zamani, kimoja tu."

"Nafahamu," alisema Isaburo.

"Kama kuna mwenzake mahali, wa fundi huyohuyo, wa kulinganisha nao."

"Upo," nilisema. "Hauji."

Waliukata siku hiyohiyo, karakana ya polisi, nyuma ya jengo. Isaburo aliomba awepo. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, na hata kule msumeno niliusikia, ulipoanza, uliponyamaza na ulipoanza tena. Alitoka na bahasha ya plastiki yenye vipande, maana vikishakatwa ni chuma tu na kila mtu anaruhusiwa kuwa na chuma. Mwandishi wa stakabadhi alimuuliza kama anahitaji mfuko wa pili kwa sababu ya uzito.

Kwenye treni nilimwambia yote. Nilimwambia yeye na baba yake ni watu waliozaliwa kuwasaidia polisi. Nilimwambia nimechuja majivu kwenye mvua, nimepiga magoti barazani kwa watu, nimenuka samaki wa moshi wiki nzima, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, hakutakiwa hata kudanganya, angenyamaza. Watu walikuwa wakitutazama. Alinisikiliza, mkono wake juu ya ile bahasha.

"Mama," alisema mwishoni, "angekuuliza wewe peke yako ningenyamaza. Aliniuliza mimi."

Sikuongea naye mpaka Kamisaka.

Baada ya hapo hali yake ilianguka haraka. Sikukuu ilipokaribia hakuweza tena kutoka chumbani bila kushikwa, lakini bado aliweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, na kiti cha magurudumu kinaweza kusukumwa mbele kama kinavyosukumwa nyuma. Hilo nililifikiria usiku na mchana. Sikuhitaji bunduki. Nilihitaji nafasi moja, mbele ya watu wale, kutoka lango la hekalu hadi uwanjani, si mbali kabisa.

Nilikwenda tena kwa Yasuhei. Walikuwepo wanaume wa kikosi, wamekaa uani wakizungusha tambi za pamba kwa ajili ya sikukuu. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikaweka mikono chini, nikainamisha kichwa. Sijawahi kufanya hivyo mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mama mkwe wangu, na yule mwanamke alijaribu sana.

"Mwacheni atembee mbele," nilisema. "Mikono mitupu. Mara moja. Hatafika mwaka mwingine."

Waliacha tambi. Mmoja wao alikohoa. Nadhani kama Yasuhei angenyamaza wale wengine wangekubali, walikuwa wakitazama chini kwa aibu. Lakini yeye ni kiongozi, na kiongozi lazima aseme.

"Shemeji, inuka, unatuaibisha. Mimi nimemhurumia sana, nasema kweli. Lakini fikiria na upande wetu. Mtutu ule ulirudi nchini. Uliwekwa mbele yake, na kitako kikaingia, nimesikia, hata wataalamu walishtuka. Alikuwa na neno moja tu la kusema." Aliokota utambi wake. "Nyumba yenu imeutoa mtutu huo kwa serikali mara mbili."

Niliinuka mwenyewe. Magoti yalikuwa na udongo, sikuufuta.

Nilipofika nyumbani Isaburo alikuwa macho, amegeuzia uso dirishani. Chisato alikuwa amemsogezea mto. Aliyaona magoti yangu kabla hajaniona uso.

"Ulikuwa kwa Yasuhei," alisema.

"Nilikuwa huko."

"Amesemaje?"

Nilikaa kando ya kitanda. Nilimvutia blanketi, nikampangusa mdomo, nikafanya kila kitu ambacho mkono unaweza kufanya ili ulimi upate nafasi. Chisato alisimama akatoka.

"Amesema utatembea mbele," nilimwambia. "Wamekubaliana wote. Amesema ni haki ya nyumba ya Nishiwaki, na walichelewa tu kusema."

Alinitazama kwa muda mrefu sana. Anajua ninavyosema uongo, pua yangu inatoa jasho, ameshaniambia mara nyingi. Nilingoja anirekebishe kama alivyonirekebisha mbele ya Dakta Onoe. Alitoa mkono chini ya blanketi, akaufuta udongo kwenye goti langu, la kwanza kisha la pili.

"Mwambie nimeshukuru," alisema.